Kingston, Kinshasa, Unguja: Mji wa Muziki Ukiingia Sebuleni

Mwaka 1972, filamu ya The Harder They Come ilipooneshwa kwa mara ya kwanza katika jumba la sinema la Carib mjini Kingston, watu walifurika mpaka milango ikazidiwa. Wajamaika walikuwa wamezoea kuwatazama mashujaa wa Marekani na Italia. Siku ile walijiona wenyewe, wakaisikia lugha yao ya mitaani na muziki wa studio zao. Mwaka 2000 kampuni ya Criterion ya Marekani iliitoa filamu hiyohiyo kwa DVD, pamoja na sauti ya ziada ambamo mwongozaji Perry Henzell na mwimbaji Jimmy Cliff wanaifafanua huku inaendelea. Mwaka 2019 Shout! Factory, nayo ya Marekani, ikaitoa tena kwa Blu-ray, diski tatu katika boksi moja. Filamu ni ileile, lakini iliyoanza kwa purukushani za mlangoni sasa hukaa kwenye rafu, ikimsubiri mtu mmoja aliyejinyoosha kwenye kochi.

Filamu nyingi zimeshapita njia hiyo ya kutoka ukumbini hadi sebuleni, na nyingi hazikupoteza kitu kikubwa. Filamu inayohusu mji wa muziki ina shida yake ya pekee, kwa sababu muziki wa miji hiyo haukutungwa usikilizwe na mtu peke yake. Ndiyo maana nimeziweka pamoja filamu tatu huru, zilizotengenezwa nje ya studio kubwa kwa fedha za kuungaunga: hiyo ya Kingston; La Vie est belle ya Kinshasa, ya mwaka 1987; na As Old as My Tongue, filamu ya Andy Jones ya mwaka 2006 kuhusu Bi Kidude wa Unguja. Mbili za kwanza ni hadithi za kubuni, ya tatu ni ya maisha halisi. Tofauti hiyo ni ya msingi, ila katika jambo ninalolifuatilia si kubwa kama mtu angedhani, kwa kuwa zote tatu zimewaweka wanamuziki wa kweli mbele ya kamera, katika mitaa yao wenyewe.

Kingston kwanza. Ivan, kijana anayechezwa na Jimmy Cliff, anateremka kutoka shamba kwa basi akitaka kuwa mwimbaji. Mji unampokea kwa kumwibia mizigo yake. Siku zake za mwanzoni anapelekwa sinema ya Rialto, ambako inaoneshwa Django, filamu ya Kiitaliano ya wapiga bastola. Henzell hakutuonesha Django tu, alituonesha ukumbi. Watu wanapiga kelele, wanacheka, wanabishana na kilichomo kwenye pazia, na mmoja anawahakikishia wenzake kwamba shujaa hawezi kufa kabla ya mkanda wa mwisho. Ivan analichukua somo hilo kama lilivyo. Mwisho wa filamu, akiwa amezingirwa na askari ufukweni, picha za watazamaji wale wa Rialto zinarudi katikati ya milio ya risasi, wakimshangilia yeye sasa. Katika jumba la Carib mwaka 1972 onyesho hilo lilikuwa na watazamaji wa pande mbili, waliomo ndani ya filamu na waliokaa kwenye viti, wote wa mji mmoja na tabia moja. Sebuleni wamebaki wale wa ndani tu, wakimpigia kelele mtu aliyenyamaza.

Kinshasa nayo ina kijana wake. Kourou, anayechezwa na Papa Wemba, anatoka kijijini kwenda mji mkuu wa Zaire ya wakati ule akiwa na ndoto ileile ya kuimba kwa vyombo vya umeme. Anapata kazi ya uboi kwa tajiri mwenye klabu ya usiku, halafu yeye na bosi wake wanampenda msichana mmoja, Kabibi. Ukiusoma muhtasari tu utasema ni hadithi ya Ivan imehamishiwa Kinshasa. Lakini Henzell aliijenga yake juu ya Rhyging, jambazi wa kweli aliyeitikisa Kingston mwaka 1948, na mwisho wake ni kifo. Mwezé Ngangura na mwenzake Mbelgiji Benoît Lamy, waongozaji wa La Vie est belle, walitengeneza kichekesho, na mwisho wao ni wimbo. Kingston ya Henzell inamwambia kijana kwamba mlango umefungwa na ufunguo ni bunduki. Kinshasa ya Ngangura inamwambia kwamba mlango umefungwa, ila dirisha la jikoni liko wazi, na boi analijua kuliko bosi. Sioni kwamba mji mmoja umesemwa kwa ukweli kuliko mwingine. Kila mji una namna yake ya kuusimulia umaskini wake, na Kinshasa tangu zamani imejisifu kwa ujanja wa kujitafutia.

Ngangura hakuwa Mkinshasa wa kuzaliwa. Alizaliwa Bukavu, upande wa mashariki wa Kongo unaosema Kiswahili. Kabla ya La Vie est belle alishaitengenezea Kinshasa filamu fupi ya maisha halisi, Kin Kiesse, ambamo mchoraji Chéri Samba ndiye anayetutembeza mjini. Basi aliijua kazi ya mgeni anayepokewa na mji, na labda ndiyo sababu kamera yake inamtazama Kourou kwa huruma isiyo na haraka. Filamu yenyewe inasema Kifaransa na kuimba Kilingala. Hapo inatofautiana sana na ya Kingston, ambayo iliacha watu waseme Kipatwa chao bila kulainisha, hata ikabidi huko Marekani ioneshwe na maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Henzell aliamini mtazamaji wa mbali ajitahidi kuufuata mji, na Ngangura na Lamy wakaona mji umsogelee yeye. Hizo ni adabu mbili za kupokea wageni, na kila moja ina gharama yake.

Unguja haina Ivan wala Kourou. Ina bibi kizee ambaye umri wake hakuna aliyeujua kwa hakika. Fatuma binti Baraka, Bi Kidude, alikuwa ameshaimba kwa miongo mingi dunia ilipomgundua. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, mwaka uliofuata filamu ikatoka, naye akafariki tarehe 17 Aprili 2013. Vijana wa filamu za Kingston na Kinshasa wanauomba mji uwafungulie, ilhali kwa Bi Kidude mambo yamegeuka: yeye ndiye mwenye mji, na anayeomba kufunguliwa ni kamera. Anavuta sigara, anacheka, anawasema watu, anaufunga msondo kiunoni na kuupiga kwa nguvu ambayo vijana waliomzunguka hawana. Na kuna mahali kamera haina haki ya kuingia. Bi Kidude alikuwa nyakanga, mwalimu wa unyago, na mafunzo ya mwali si ya kila jicho. Midundo ya unyago aliipiga hadharani, jukwaani Unguja na Ulaya, lakini kuipiga ngoma mbele za watu hakumfanyi mtazamaji kuwa mwali. Filamu yoyote kuhusu mji wa namna hii ina chumba chake cha ndani, na diski unayoweza kuisimamisha, kuirudisha na kuitazama usiku wa manane peke yako inalifanya swali la chumba hicho liwe zito kuliko lilivyokuwa ukumbini.

Hapa niingie kwenye jambo linalonivuta zaidi kuliko hadithi zenyewe. Miji hii mitatu ina mazoea yanayofanana kwa shabaha na kuachana kwa njia: msikilizaji ana kazi ndani ya wimbo.

Kwenye taarabu ya Unguja kazi hiyo ni kutunza. Beti inafika, mwanamke anasimama kutoka kwenye kiti chake, noti imeshikwa juu kwa vidole viwili, anatembea taratibu akiyumba kwa mdundo mpaka mbele ya mwimbaji, anaitoa, anageuka. Hakusema neno. Lakini ukumbi mzima umejua amesimama kwenye beti ipi, na wengi wanajua jirani gani, mke mwenza gani, rafiki gani wa zamani aliyekaa safu ya tatu ndiye aliyeambiwa. Mshairi alitunga fumbo bila kumlenga mtu, na aliyetunza ndiye aliyelipa fumbo shabaha. Sasa mtilie kamera. Inamwona mwanamke akienda na kurudi, inayaona mavazi yake na noti, na tafsiri ya chini ya picha inakupa maana ya beti neno kwa neno. Asiyeonekana ni yule wa safu ya tatu, ambaye ndiye maana yenyewe.

Kinshasa msikilizaji huingia ndani ya wimbo kwa jina. Mwimbaji katikati ya sebene au baina ya mistari hutaja majina ya matajiri, wafanyabiashara na wafadhili, na majina hayo, mabanga kama yanavyoitwa kule, hulipiwa. Yakisharekodiwa hayatoki. Tajiri akifilisika, akihama, akifa, jina lake litaendelea kuitwa kila santuri ikizungushwa. Kwa hiyo mambo haya mawili yanayofanana, fedha kutoka mfukoni mwa msikilizaji kwenda kwa mwimbaji, yanakuwa na hatima tofauti kabisa yanapofika kwenye diski. Tunzo la Unguja huyeyuka na usiku wake, na libanga la Kinshasa huganda. Ukiitazama filamu ya Kinshasa nyumbani miaka arobaini baadaye unaweza kulisikia jina bila kumjua mwenyewe, na ukiitazama ya Unguja unamwona mtunzaji bila kuujua ujumbe wake.

Kingston, kwa upande wake, imempa msikilizaji uwezo wa kuusimamisha wimbo. Kwenye dansi za mitaani, zile zenye milima ya spika, wimbo ukiwapata watu kisawasawa hupiga kelele, hupiga honi, hugonga mabati, na mpigaji sahani hana budi kuinua sindano na kuanza upya. Wimbo mmoja unaweza kuanzishwa mara kadhaa kabla haujaruhusiwa kwenda mbele. Ni kura ya wengi, inayopigwa kwa sauti. Mtu aliyekaa na rimoti sebuleni ana uwezo uleule hasa, wa kurudisha wimbo mwanzo, tena kirahisi zaidi, ila hana wa kukubaliana naye. Hapo ndipo ninapoona kwa uwazi kabisa kinachobadilika filamu ya mji wa muziki inapotoka kwa matumizi ya nyumbani. Nguvu zote za ukumbi zimekabidhiwa mtu mmoja, isipokuwa ile ya kuwa wengi.

Je, sebule lazima iwe ya mtu mmoja? Kwa Ulaya na Marekani, ambako matoleo haya hutengenezwa, karibu kila kitu kimepangwa kwa dhana hiyo. Kwetu historia ilienda vingine. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 kupata vituo vyake. Katika muda huo wa kusubiri, deki ya video iliingia Bara kabla ya televisheni ya taifa. Aliyekuwa na deki hakuweza kuitazama peke yake hata angetaka. Watoto wa jirani walijaa dirishani, na punde akatokea mwenye akili ya biashara akaweka mabenchi na kiingilio. Vikazaliwa vibanda vya video, ambavyo mitaani tunaviita vibanda umiza kwa ule msongamano wake. Chombo kilichobuniwa kwingine ili kuvunja ukumbi, hapa kilijenga kumbi ndogondogo maelfu. Hata kabla yake, santuri za Siti binti Saad, aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, zilisikilizwa na wengi katika migahawa ya pwani, watu wakiizunguka gramafoni moja.

Na ndani ya vibanda hivyo ilizaliwa sanaa ambayo ningependa iwekwe kando ya ile sauti ya Henzell na Cliff kwenye DVD ya Criterion, kwani sijui sanaa mbili zinazokaribiana na kutofautiana kama hizi. Dar es Salaam alikuwapo Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kama Lufufu, ambaye alizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti zake za asili. Nairobi wana DJ Afro. Kampala wana wale wanaowaita VJ, wanaofanya kazi hiyo kwa Kiganda. Msimuliaji hutafsiri, hutania, hutia methali, humpa mhusika wa Hong Kong jina la mtaani, huwaonya watazamaji kwamba huyu jamaa si wa kuaminika hata kidogo. Zamani walisimama na kipaza sauti kibandani. Baadaye sauti zao zikarekodiwa kwenye kanda na diski, zikauzwa.

Criterion na Lufufu wamefanya jambo moja, wameweka sauti ya pili juu ya filamu. Lakini sauti ya Criterion ni ya mwenye kazi. Henzell anakumbuka, anathibitisha, anakwambia fedha zilipokwisha upigaji wa picha ulisimama mpaka zikapatikana nyingine. Ni ushahidi, na thamani yake ni ukaribu wake na chanzo. Sauti ya Lufufu ni ya mpokeaji. Haidaiwi chochote na mwongozaji, na thamani yake ni ukaribu wake na waliokaa benchini. Ya kwanza unaiwasha kwa kitufe na kuizima ukichoka, wakati ya pili haizimiki, imeshakuwa filamu yenyewe. Msomi wa Ulaya aliyezoea kuiheshimu kazi ya msanii anaweza kusema Lufufu ameiharibu filamu, na mtoto wa Manzese aliyeikulia anaweza kusema ile ya Criterion ni maelezo ya watu wazee wakiongea juu ya picha nzuri. Nimewaelewa wote wawili. Ila nitasema wazi kwamba kwa filamu ya mji wa muziki, sauti ya mpokeaji iko karibu zaidi na namna muziki huo unavyoishi, maana mpokeaji ndiye aliyekuwa akitunza, akitajwa, akipigia kelele sindano irudi.

Kuna kizuizi kingine, ambacho si cha mazoea bali cha mikataba. Mwenye filamu anayetumia wimbo wa mtu hulipia haki ya kuuunganisha wimbo huo na picha, na haki hiyo huandikwa kwa matumizi yaliyotajwa. Mikataba mingi ya zamani ilitaja sinema, labda na televisheni. Video ya nyumbani haikuwapo mawazoni. Hivyo filamu inaweza kuwa imemalizika, inapendwa, imesifiwa, na bado isiweze kuuzwa kwa kanda wala diski. Mfano unaojulikana sana ni Killer of Sheep ya Charles Burnett, filamu ya Watts, Los Angeles, iliyokamilika miaka ya 1970 na kujaa bluzi, jazi na nyimbo za zama zake. Ilikaa takriban miaka 30 bila toleo la nyumbani kwa ajili ya nyimbo hizo, hadi Milestone walipoitoa mwaka 2007, baada ya malipo ya haki za muziki yaliyofikia dola 150,000. Hata hapo wimbo mmoja wa mwishoni haukupatikana, ukawekwa mwingine mahali pake. Filamu iliyotengenezwa kwa fedha kidogo mno ilidaiwa mara nyingi zaidi ya gharama yake kwa ajili ya kile kilichoifanya iwe na roho.

Kingston ilijieleza jambo hili mapema. Katika The Harder They Come, Ivan anafika studio, anaona kundi la Toots and the Maytals likirekodi, naye anasubiri zamu yake. Anaimba. Mwenye kampuni anampa dola 20 na karatasi ya kusaini. Ivan anakataa, anakwenda na sahani yake kwa wapigaji na redio, anakuta kila njia inarudi kwa mtu yuleyule, na hatimaye anasaini. Hakuna hotuba ndefu pale. Kuna karatasi, kalamu, na uso wa kijana anayejua anachokifanya. Mwaka huohuo wa 1972 albamu ya nyimbo za filamu ilitolewa na Island. Redio na santuri ziliifikisha Kingston katika nyumba za watu wengi ambao walikuwa bado hawajaiona picha hata moja, ilhali huko Cambridge, Massachusetts, filamu yenyewe iliendelea kuoneshwa usiku wa manane kwa miaka katika sinema ya Orson Welles. Muziki ulitangulia sebuleni, picha ikafuata baadaye sana.

Kwetu tatizo limekaa upande wa pili. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania Bara ni ya mwaka 1999, na COSOTA, taasisi ya kusimamia hakimiliki, ikaanzishwa chini yake. Zanzibar wana COSOZA yao. Mwaka 2013 zikaletwa stempu za kodi za kubandikwa kwenye kazi za muziki na filamu. Na bado, kwa miaka yote hiyo, aliyetaka filamu Kariakoo alinunua diski moja yenye filamu kumi au ishirini, zilizorudufiwa bila idhini ya mtu. Huko Marekani haki zilizofungwa vizuri ziliizuia filamu isifike kwa watu. Hapa filamu ilifika kwa watu wote, fedha hazikufika kwa msanii yeyote. Mtu anaweza kuuona mfumo wa kwanza kuwa wa ustaarabu na wa pili kuwa wa wizi. Mimi ningemwomba aliyeona hivyo amkumbuke Ivan na zile dola 20, zilizolipwa kihalali kabisa.

Hata diski yenyewe ina mipaka iliyochorwa ndani yake. Waliobuni DVD waliigawa dunia kwa kanda ili toleo la sehemu moja lisichezeke kwenye deki ya sehemu nyingine. Marekani na Kanada ni kanda ya 1. Jamaika, pamoja na visiwa vingine vya Karibi, wamewekwa kanda ya 4 na Mexico na Australia. Ulaya ni kanda ya 2, na Mashariki ya Kati nayo imo humo. Afrika yetu ni kanda ya 5, na India na Urusi. Tuseme basi shangazi aliyeko Maskati amenunua diski halali ya taarabu, ya kanda yake, akaituma kwa dada yake aliyeko Mlandege, Unguja: ramani ya historia, ya ndoa, ya mashairi na ya udi inasema hizo ni nyumba mbili za familia moja, ramani ya DVD inasema hazihusiani. Tena filamu ya Kingston ikitolewa kwa kanda ya Marekani pekee, Kingston imefungiwa nje kisheria. Blu-ray ilipunguza ukali huo kwa kuwa na kanda tatu tu, Jamaika ikaungana na Marekani, na pwani yetu ikaungana na Oman. Lakini deki za Kariakoo zilikuwa zimeshaitatua shida hii siku nyingi kwa kuuzwa zikiwa zinacheza kila kitu, na diski za kurudufu hazikuwahi kuijua mipaka hiyo.

Nimeiacha Havana hadi sasa, ingawa bila yake Unguja haieleweki vizuri katika biashara hii. Buena Vista Social Club ya Wim Wenders ilitoka mwaka 1999, miaka miwili baada ya albamu. Ilikuwa na wazee ambao wengi wao walikwisha kusahauliwa au kustaafu, Ibrahim Ferrer, Rubén González, Compay Segundo, na Omara Portuondo, na mwisho wake ni jukwaa la Carnegie Hall, New York, Julai 1998. Sehemu kubwa ilipigwa kwa kamera za video za dijitali, ndogo kiasi cha kuingia vyumbani mwa watu bila kishindo, kwa hiyo ilipofika kwenye televisheni za nyumbani ilikuwa kama imerudi kwenye udogo wake wa asili. Filamu ya Bi Kidude ilikuja miaka saba baadaye, na msomaji atauona ukoo: mzee mwenye sauti ya ajabu, mgeni mwenye kamera, mji wa kuta zilizochakaa na bahari, halafu safari ya jukwaani ughaibuni.

Zote mbili nazipenda, na zote mbili zinanitia wasiwasi uleule. Mwaka Wenders alipopiga picha, vijana wa Havana walikuwa wakicheza timba, muziki wa dansi wa siku zile, na bendi ya Los Van Van ilikuwa ikijaza kumbi. Katika filamu humo ni kama hawapo. Na mwaka filamu ya Bi Kidude ilipotoka, ndipo Jahazi Modern Taarab ilipoanza, na kumbi za pwani zilikuwa zikitikiswa na taarabu ya kisasa, ile ya kinanda na magitaa ya umeme ambayo wenye masikio ya zamani waliinung'unikia. Wakati ukumbi unaendelea na mambo yake, diski huugandisha mji kwenye umri mmoja. Mtalii anayeinunua kwenye duka la Mji Mkongwe hupewa mji wa miaka themanini, naye anayeishi Mwanakwerekwe anajua mji una miaka ishirini pia, tena kwa wakati uleule. Kingston na Kinshasa ziliepuka mtego huu kwa sababu waongozaji wao walipiga muziki wa siku ileile. Rege ya mwaka 1972 na sebene ya mwaka 1987 hazikuwa kumbukumbu wakati zikipigwa picha. Zimekuwa kumbukumbu kwa kuzeeka ndani ya diski, na huo ni uzee wa halali.

La Vie est belle, kwa watazamaji wengi wa Kimarekani, ilifika kwa njia ya wasambazaji California Newsreel, katika mkusanyiko wao wa filamu za Afrika uliolenga zaidi vyuo na maktaba. Hapo kichekesho cha Kinshasa kikawa somo, na kufika darasani kumeziokoa filamu ambazo sinema zilishazisahau. Shout! Factory nao wamewahifadhia Wajamaika kitu kikubwa: kwenye boksi la mwaka 2019 wameitia No Place Like Home, filamu ya pili ya Henzell, ambayo mikanda yake ilipotea kwa miaka mingi na ikaja kuoneshwa Toronto mwaka 2006, miezi michache kabla hajafariki. Kazi ya kutafuta mikanda, kusafisha sauti, kuwahoji waliobaki, ni kazi ya heshima, na miji yetu haijaifanyia filamu zake nusu ya hiyo.

Kwa hiyo ninachokitaka kwa filamu ya Bi Kidude, na kwa zile zitakazotengenezwa kuhusu Nadi Ikhwan Safaa, Culture Musical Club na vikundi vingine vya taarabu vya Unguja, kinachanganya tabia zote hizi. Usafi wa Criterion, sawa. Lakini sauti ya ziada isiwe ya mwongozaji peke yake. Wawekwe wanawake wa Unguja waliopiga ngoma naye na waliotunza kwenye kumbi zile, watatu au wanne pamoja, waitazame filamu huku kinasa sauti kinafanya kazi, waseme yule aliyesimama alikuwa nani na alikuwa akimwambia nani, wanyamaze panapostahili kunyamazwa, wabishane wakitaka. Kisha diski hiyo ioneshwe kwanza Ngome Kongwe siku za tamasha la filamu la ZIFF na vijijini, kwenye pazia la wazi, kabla ya kupelekwa dukani. Wengi wa wanawake hao ni watu wazima sana sasa, na kurekodi mazungumzo ya mchana mmoja hakuhitaji fedha nyingi.